Kurekodi gemu kwenye laptopu ya mtumba: mzigo aubebe nani?

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Makorora, Tanga. Nina laptopu ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8, diski ya kawaida ya GB 500, haina kadi ya video ya ziada. Nacheza Euro Truck Simulator 2, nimeweka basi, naendesha huku natangaza vituo kama konda, na nataka kuanza kupandisha video YouTube. Nimejaribu programu mbili za kurekodi. Bandicam ya bure inaandika jina lake juu ya video na inasimama ikifika dakika 10. OBS nayo ilifanya gemu igandegande mpaka basi likaingia mtaroni. Rafiki yangu ana flashi yenye Bandicam 'iliyofunguliwa'. Niichukue, au kuna programu nyingine iliyo nyepesi?"

Marahaba, mdogo wangu. La flashi nalimaliza kwanza kwa sababu halihitaji maneno mengi: usiichukue. Aliyeivunja programu ile humjui wala hakujui, na huwezi kuona alichokitia ndani pamoja na huo "ufunguo". Mashine hiyo hiyo ndiyo utakayoingilia akaunti yako ya YouTube, barua pepe yako, pengine na mambo yako ya pesa. Nimeletewa mezani laptopu kadhaa hapa Chumbageni ambazo wenyewe walitaka tu kuondoa maandishi juu ya video, wakaishia kupoteza akaunti waliyoijenga kwa miezi. Bandicam yenyewe ni programu nzuri. Toleo lake la bure lina mipaka hiyo miwili uliyoitaja, na mwenye kuipenda anainunua. Wewe huna haja ya kuinunua wala kuiiba, maana unachokihitaji tayari kimo ndani ya laptopu yako.

Sasa hilo neno "nyepesi". Karibu kila kijana anayekuja kwangu na swali hili ananiuliza programu nyepesi ni ipi, na mimi humrudisha nyuma kidogo, kwa sababu uzito mkubwa hauko kwenye programu. Uko kwenye kubana picha.

Piga hesabu pamoja nami. Picha moja ya ukubwa wa 1280 kwa 720 ina nukta 921,600. Kila nukta ikichukua baiti 3 za rangi, picha moja inakuwa karibu MB 2.8. Video ya fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde ina maana MB 83 kila sekunde, na saa moja ya kuendesha basi inakula karibu GB 299. Diski yako ya GB 500 ingejaa kabla hujamaliza saa ya pili, na kabla ya kujaa ingekuwa imeshalemewa, kwa kuwa diski ya kuzunguka haina raha ya kuandika MB 83 kila sekunde huku gemu nayo inasoma humo humo. Kwa hiyo lazima picha zibanwe hapo hapo zinapotoka. Sisi watu wa Tanga tunaijua katani: ikitoka kuanikwa inajaza uwanja mzima, ikifungwa robota inaingia kwenye lori. Kurekodi gemu ni kufunga robota 30 kila sekunde bila kupumzika, na la kuamua ni nani wa kuzifunga.

Kwenye mashine yako wafungaji wako wawili. Wa kwanza ni prosesa yenyewe. Hii ndiyo njia inayoitwa x264, na kwa ubora wa picha ni njia nzuri sana, lakini prosesa hiyo hiyo ndiyo inayoiendesha gemu: magari ya barabarani, taa, mvua, mahesabu ya gurudumu na usukani. Laptopu nyingi za Core i5 za kizazi cha 6 zina viini (cores) 2 tu. Ukiviambia viini 2 viendeshe basi na vifunge robota, kazi moja kati ya hizo mbili italala chini, na wewe ukaona ni ipi.

Wa pili ni chipu ndogo iliyomo ndani ya upande wa grafiki wa prosesa hiyo hiyo ya Intel, iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kubana na kufumua video. Intel wanaiita Quick Sync, na imekuwamo tangu prosesa zao za kizazi cha pili, mwaka 2011. Wewe wa kizazi cha 6 unayo. Imekaa humo bila kazi siku zote hizo.

Ninavyoona, OBS uliifungua na kuiacha kwenye x264. Ukirudi leo, ingia kwenye Settings, kisha Output, na pale palipoandikwa Video Encoder chagua ile yenye jina QSV (kifupi cha Quick Sync) au QuickSync, pamoja na H.264. Usipoiona kabisa kwenye orodha, tatizo ni dereva, ile programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa: wauza mitumba wengi huweka Windows mpya na kuiacha na dereva ya video ya kubahatisha. Weka dereva ya Intel inayohusu mashine yako kutoka kwa watengenezaji wake, uwashe upya, itatokea.

Kwa hiyo jibu langu ni OBS ile ile iliyokutia mtaroni. Ni ya bure kweli, haina maandishi juu ya video, haina kikomo cha dakika, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma. Ipakue kwenye tovuti yao wenyewe, obsproject.com, usibonyeze matangazo yanayotokea juu ya matokeo ya utafutaji, kwa sababu wako watu wanaotengeneza kurasa za kufanana nayo ili wakupenyezee virusi.

Kubadilisha mfungaji hakumalizi kazi, lakini. OBS kabla ya kumkabidhi mfungaji picha, huipanga kwanza: inachukua picha ya gemu, inaweka jina lako pembeni kama umeliweka, inapunguza ukubwa. Kazi hiyo inafanywa na grafiki, na grafiki yako ni moja, ndiyo hiyo hiyo inayochora barabara. Gemu ikiimeza yote, OBS inakosa nafasi, na video inarukaruka hata kama wewe mchezaji huoni shida. Watu wengi hukwama hapa wakadhani programu ni mbovu.

Dawa yake ni kuiachia grafiki pumzi. Kwenye gemu, funga kasi isizidi fremu 30. Huna cha kupoteza, maana video yenyewe itakuwa ya fremu 30. Bila kufunga, gemu itajaribu kutoa fremu 38, mara 45, mara 29, na kila ziada inayoitoa inaila nafasi ya kurekodi bure. Shusha vivuli na vioo vya pembeni vya basi, hivyo viwili ni miongoni mwa vizito zaidi kwenye gemu hii, kwa sababu kila kioo ni dunia ya pili inayochorwa. Najua vioo ni utamu wa gemu ya basi, usivizime, vishushe tu ubora. Kwenye OBS weka ukubwa wa kutoka uwe 1280 kwa 720 na fremu 30. Zima ile picha ya kujitazama katikati ya dirisha la OBS kwa kubonyeza kulia na kuondoa alama ya Preview. Na unapoifungua OBS, ifungue kwa haki za msimamizi (Run as administrator). Kwenye Windows za sasa hilo linaifanya ipewe kipaumbele kwenye grafiki, na kwa mashine dhaifu tofauti yake inaonekana wazi.

Chanzo cha picha kiwe "Game Capture", usichukue "Display Capture". Cha kwanza kinachukua picha moja kwa moja kutoka kwenye gemu. Cha pili kinarekodi skrini nzima, pamoja na ujumbe wa WhatsApp utakaochomoza juu wakati uko Segera. Wenzako wenye laptopu zenye grafiki mbili, ya Intel na ya NVIDIA, wao hupata skrini nyeusi tupu kwenye "Game Capture". Kinachotokea ni kwamba gemu iko kwenye grafiki moja na OBS iko kwenye nyingine, na kwenye mipangilio ya Display ya Windows unaziweka zote mbili upande mmoja. Wewe una moja, umepona.

Ubora sasa. Usiandike kiwango cha megabiti tu kwa kusikia. YouTube wenyewe wanapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa video ya 720 ya fremu 30, na megabiti 12 kwa video ya 1080 ya fremu 60. Biti 8 ni baiti 1, kwa hiyo megabiti 5 kwa sekunde ni MB 37.5 kwa dakika, yaani GB 2.25 kwa saa. Hapo diski yako ya GB 500 inapumua. Ila kumbuka kwamba YouTube watalibana faili lako mara ya pili, na kitu kilichobanwa mara mbili kinachakaa. Mimi hurekodi kwa ubora wa juu zaidi kidogo, kisha nikishahariri ndipo natoa faili la kupandisha kwa kiwango kile. Kwenye Quick Sync kuna chaguo la ICQ, ambalo linashika ubora badala ya kushika kiwango cha megabiti: barabara tulivu inabanwa sana, na ukiingia kwenye miti mingi au mvua linalegeza. Anzia 23. Namba ikipanda, ubora unashuka na faili linapungua.

Miti na mvua naisema kwa sababu. Kubana video ni kutafuta kisichobadilika kati ya picha moja na inayofuata, ili kisirudiwe kuandikwa. Kwenye gemu ya mpira, majani ya uwanja na jukwaa kwa sehemu kubwa hubaki vile vile. Kwenye gemu ya basi kila kitu kinakimbia kukupita: majani, nguzo, matone kwenye kioo. Gemu yako ni miongoni mwa zile ngumu kubana, na ndiyo maana ushauri wa jamaa anayerekodi mpira hautakufaa wewe kwa namba zake.

Aina ya faili: MKV. Hili nitalisema kwa uchungu wangu mwenyewe. Mwaka mmoja, usiku wa Ramadhani, vijana wa mtaani walifanya mashindano ya mpira wa kompyuta kwenye kibanda cha rafiki yangu Ngamiani, nikaombwa nirekodi. Nikarekodi kwa MP4, mechi baada ya mechi katika faili moja, mashine yenyewe betri ilikuwa imekufa inategemea waya. Fainali, imebaki dakika chache, umeme ukakatika. Faili lilikuwapo kwenye diski, gigabaiti zake zote zipo, lakini halikufunguka. MP4 ya kawaida huandika mwishoni ile orodha inayomwambia mchezaji video kila picha iko wapi, na mwisho hatukuufikia. Vijana wale walikuja siku tatu mfululizo kuniuliza. MKV ikikatwa njiani, kilichokwisha kuandikwa kinasomeka. Matoleo ya OBS kuanzia 30.2 yana MP4 ya mchanganyiko (Hybrid MP4) iliyorekebishwa kwa tatizo hilo hilo, nayo inafaa, lakini nikiwa na shaka narudi MKV. Ukimaliza, kwenye menyu ya File kuna Remux Recordings, inaigeuza kuwa MP4 kwa muda mfupi bila kugusa ubora.

Usirekodie moja kwa moja kwenye flashi. Flashi nyingi zinatumia mpangilio wa kuhifadhi mafaili uitwao FAT32, na humo faili haliwezi kuzidi GB 4.

Sauti ndiyo nusu ya chaneli yako, kwa sababu watu watakuja kumsikiliza konda. OBS inaweza kuhifadhi njia 6 za sauti ndani ya faili moja. Weka gemu njia ya 2, maiki njia ya 3, na mchanganyiko njia ya 1. Siku honi ya basi itakapoimeza sauti yako ukitaja "Muheza, Segera, Mkata, Msata!", utaishusha honi peke yake wakati wa kuhariri. Programu inayochanganya kila kitu pamoja haikupi nafasi hiyo ya pili. Earphone za simu zenye maiki zinatosha kwa kuanzia, ukiweka maiki pembeni ya mdomo ili pumzi isiipige. OBS ina kichujio cha kupunguza kelele kiitwacho RNNoise, kinaondoa feni na vuma za bodaboda vizuri, japo kinachukua kidogo prosesa. Na kwenye gemu hii kuna redio. Izime unaporekodi. Taarabu au bongo fleva ikipita nyuma hata sekunde chache, mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo unaweza kuikamata, na mapato ya video yakaenda kwa mwenye wimbo au sauti ikazimwa.

Utaambiwa na programu nyingine pia. Fraps watakutajia kaka zako waliokuwa wakishinda intaneti kafe. Ilikuwa mfalme wakati wake, lakini toleo lake la mwisho ni la 2013, ya bure inarekodi sekunde 30 tu, na mafaili yake ni makubwa mno kwa diski yako kwa sababu haibani kwa njia tuliyoieleza. Iache. ShadowPlay ni nzuri kabisa, ila ni ya wenye kadi za NVIDIA, na AMD nao wana ya kwao ndani ya programu ya dereva. Zote mbili zinatumia chipu ya kubana iliyomo kwenye kadi, wazo ni lile lile.

Mbili za kukufaa kweli nje ya OBS ni hizi. Ya kwanza tayari unayo: Xbox Game Bar, iliyomo ndani ya Windows 10 na 11. Bonyeza Windows na G uione, Windows na Alt na R uanze kurekodi, rudia uzime. Nayo hutumia chipu ya kubana. Haikupi njia za sauti wala namba za kuchezea, lakini kama unataka kurekodi leo jioni kabla hujazoea OBS, tumia hiyo bila wasiwasi. Ya pili, kama gemu yako umeinunua Steam, ni kinasa kilichomo ndani ya Steam yenyewe tangu Novemba 2024. Uzuri wake ni kurekodi kimya kimya nyuma, kisha unarudi kukata tukio ambalo hukulitarajia. Lori likikukata mbele ghafla, unalo. OBS nayo inaweza hilo kwa jina la Replay Buffer, ikiweka sekunde za mwisho kwenye RAM, lakini kwa GB 8 usiipe dakika nyingi.

Sasa joto, na hapa naomba unisikilize kuliko kwenye namba zote. Wanaotoa mafunzo ya mambo haya wengi wanakaa kwenye vyumba baridi. Sisi tuko pwani, na kuanzia Januari mpaka Machi chumba cha Makorora mchana kinafukuta, hewa ina chumvi na unyevu. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana dakika 10 za kwanza za rekodi yako ziko sawa, kisha inaanza kuganda, na wewe unalaumu programu. Laptopu ya mtumba nyingi imekuja na vumbi la miaka ndani ya feni na krimu ya joto iliyokauka kama udongo. Mpelekee fundi aifungue, asafishe feni, abadilishe krimu. Inua nyuma ya mashine kwa vifuniko viwili vya chupa ili hewa iingie chini, isikae kitandani juu ya godoro. Rekodi baada ya isha, kumepoa na mtaa umetulia, hata maiki yako itashukuru.

Na ile pesa uliyokuwa tayari kulipia programu, itunze kwa vitu viwili. Fungua uangalie kama GB 8 zako ni kipande kimoja cha RAM au viwili. Grafiki ya Intel haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM, na vipande viwili vinaipa njia mbili za kupita badala ya moja. Kama ni kimoja na kuna nafasi ya pili, ongeza cha pili. Gemu yenyewe itakwenda mbele hata usiporekodi. Baada ya hapo SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, hata ndogo, uweke Windows na gemu, halafu ile diski ya zamani ibaki ghala la video.

Kabla ya kurekodi safari nzima, fanya jaribio la dakika mbili, uchague mahali pabaya kabisa: mjini, mvua, usiku. Wakati linaendelea fungua dirisha la Stats la OBS. Utaona mistari miwili inayohesabu fremu zilizopotea. Mmoja unasema zimepotea kwa "rendering lag": hapo grafiki imeelemewa, shusha vioo na vivuli zaidi. Mwingine unasema "encoding lag": hapo mfungaji ndiye aliyeshindwa, hakikisha ni QSV kweli na si x264 iliyojirudisha. Mistari yote ikibaki chini ya fremu 1 kwa kila 100, anza safari. Ikizidi, niandikie ni mstari upi uliopanda na kwa asilimia ngapi, nami nitajua pa kukushika mkono.